Namna ya Kuandika Maoni Kuhusu Kodi ya Vinywaji Vyenye Sukari Ili Yasikilizwe

Kabla hujaandika neno lolote, nenda dukani kwa Mangi ununue chupa moja ya soda na robo kilo ya sukari, kisha uketi mezani ukiwa na kijiko cha chai na glasi tupu. Soda ya kola kwa kawaida huwa na takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, na chupa ya kioo iliyozoeleka huku Moshi, Tanzania, ina mililita 350, kwa hiyo ukizidisha unapata gramu 37. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4. Chota vijiko tisa, kimoja kimoja, uvimimine kwenye glasi.

Tulifanya hivyo katika kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa huko Pasua, siku ambayo ajenda ilikuwa kuandika maoni ya wananchi kuhusu kodi ya vinywaji vyenye sukari. Hadi kijiko cha nne watu walikuwa bado wanazungumza. Kufikia cha saba chumba kilikuwa kimya, sukari imepanda upana wa kidole ndani ya glasi, na bibi mmoja anayelea wajukuu wawili akanishika mkono akasema, “Mwanangu, acha kwanza. Hiyo yote ndiyo ninayompa mtoto akitoka shule?” Nikamjibu, “Ndiyo, bibi, na bado viwili.”

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000, hizo ni takriban gramu 50. Shirika hilo linaongeza kuwa ingefaa zaidi kushuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25. Chupa moja ya soda inavuka kiwango hicho cha pili kabla mtu hajagusa kikombe cha chai cha asubuhi, na ndiyo maana swali la kodi linastahili kujadiliwa kwa hesabu badala ya hisia peke yake.

Mwongozo huu ninaouandika ni kwa mtu binafsi au kikundi kinachotaka kuiandikia Serikali kuhusu jambo hilo. Sitaficha upande wangu. Naamini Serikali inapaswa kutoza ushuru wa vinywaji kwa kufuata gramu za sukari zilizomo, na naamini vilevile kwamba haipaswi kuongeza hata shilingi moja kwenye kilo ya sukari ambayo mama ananunua dukani. Hata kama wewe una msimamo tofauti, hatua za kuandaa maoni ni zilezile.

Anza kwa kutaja bidhaa yenyewe

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika kwamba “sukari itozwe kodi.” Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kosa hilo. Tuliandika kurasa nne kuhusu madhara ya sukari, tukazisoma mbele ya wanakikundi, na mama mmoja anayeuza chai na maandazi karibu na stendi akasimama akauliza kama tunataka wateja wake wanywe chai chungu. Hakuwa na kosa hata kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchini na bei ya kilo ikavuka shilingi 4,000 katika maeneo mengi. Watu wa hapa hawajasahau foleni hizo, na barua inayotaja kodi ya sukari bila ufafanuzi inawakumbusha maumivu hayo kabla hawajafika kwenye hoja.

Kwa hiyo taja bidhaa. Je, unazungumzia soda? Juisi za pakiti? Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo siku hizi madereva wa bodaboda wanavinywa kuanzia asubuhi? Biskuti na pipi za kiwandani? Kila kimoja kina njia yake ya kutozwa, na vingine havina njia kabisa. Maandazi, visheti, kashata na juisi ya miwa inayokamuliwa barabarani hutengenezwa na watu wadogo wadogo wasio na lebo wala mashine ya kupima, na afisa wa kodi hawezi kujua gramu zilizomo. Hungary ilianza mwaka 2011 kutoza vyakula vya viwandani vyenye sukari na chumvi nyingi, na Meksiko mwaka 2014 iliweka asilimia 8 kwenye vyakula visivyo vya lazima vyenye nishati nyingi, ila nchi zote mbili zililenga bidhaa zinazopita kiwandani. Ushauri wangu ni kubaki kwenye vinywaji, kwa sababu mbili: vina lebo, na mwili hauhisi shibe ya sukari iliyonywewa kama unavyohisi shibe ya chakula kilichotafunwa.

Jua sheria ilivyo leo

Watu wengi wanaandika kana kwamba soda haina kodi. Ina kodi ya ongezeko la thamani, na ina ushuru wa bidhaa chini ya Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147, ambayo viwango vyake hurekebishwa kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Tafuta sheria ya mwaka huu, usome jedwali lake, na uandike kiwango kilichomo, maana barua yenye kiwango cha zamani hupoteza heshima kwenye aya ya kwanza.

Jambo la kuliona katika jedwali hilo ni kipimo kinachotumika. Ushuru wa soda unahesabiwa kwa lita. Kinywaji chenye gramu 11 za sukari na kile chenye gramu 4 katika mililita 100 vinalipa sawa ikiwa vimo katika kundi moja. Ushuru wa namna hiyo unaingiza fedha, lakini haumwambii mwenye kiwanda apunguze sukari, kwa kuwa hata akiipunguza halipi pungufu. Hapa ndipo maoni yako yanaweza kuongeza kitu kipya, kwa kuwa huombi kodi ngeni ambayo haijawahi kuonekana. Unaomba kipimo kibadilike.

Soma pia Katiba, ibara mbili tu. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, kwa hiyo usipoteze muda kuiomba halmashauri ya Moshi au jiji la Arusha ianzishe ushuru wake wa soda. Ibara ya 99 ina uzito zaidi kwa shughuli yetu: Bunge haliwezi kushughulikia muswada wa kutoza kodi au kuibadilisha, isipokuwa kwa kuipunguza, kama Rais hajatoa pendekezo hilo na Waziri hajaliwasilisha. Maana yake ni kwamba mbunge wako, hata akikubaliana nawe kwa moyo wote, hawezi kusimama na muswada wake binafsi wa kuongeza ushuru. Pendekezo lazima lipitie Serikalini, na barua yako inapaswa kwenda huko kwanza.

Ipo sheria ya tatu ambayo wengi hawaifahamu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataja mapato yatokanayo na vinywaji vyenye kaboni miongoni mwa vyanzo vya kugharimia bima ya watu wasio na uwezo. Hilo ni daraja ambalo tayari limejengwa kati ya soda na matibabu. Ukiandika kwamba ushuru mpya uelekezwe kwenye matibabu ya kisukari, shinikizo la damu na figo, na ukataja sheria hiyo, unaikumbusha Serikali jambo ambalo yenyewe imeshalikubali.

Fanya hesabu, uionyeshe

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kodi ya vinywaji vyenye sukari iwe kubwa kiasi cha kupandisha bei ya rejareja kwa asilimia 20 au zaidi, kwani kodi ndogo humezwa na mzalishaji au mnunuzi haioni. Geuza ushauri huo kuwa shilingi. Chukua mfano wa soda ya shilingi 700. Asilimia 20 yake ni shilingi 140.

Sasa angalia Afrika Kusini. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 nchi hiyo hutoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, na ilianza kwa senti 2.1 za randi kwa gramu. Tukiazima mfumo huo, kola yetu ya gramu 10.6 inazidi kwa gramu 6.6 katika kila mililita 100, na katika chupa nzima ya mililita 350 ziada ni gramu 23.1. Ukipendekeza shilingi 5 kwa gramu, ushuru unakuwa shilingi 115 na nusu. Usisahau kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukaa juu ya ushuru pia, kwa hiyo bei inapanda kwa takriban shilingi 136, ambayo inakaribia kabisa asilimia 20. Kinywaji chenye gramu 5 tu, kwa hesabu hiyohiyo, kitapanda kwa shilingi 21 hivi. Chenye gramu 4 hakitapanda.

Iweke hesabu hii katika barua, na useme wazi kuwa umechukulia kwamba mzalishaji atahamishia ushuru wote kwa mlaji. Tofauti ya shilingi 136 na shilingi 21 ndiyo kiini cha pendekezo zima: mwenye kiwanda anaona njia ya kukwepa ushuru kihalali, nayo ni kupunguza sukari.

Ushahidi wa kuegemea, na mipaka yake

Uingereza ilitangaza tozo yake mwaka 2016 na ikaianza Aprili 2018: vinywaji vyenye gramu 5 hadi chini ya 8 katika mililita 100 vilitozwa peni 18 kwa lita, na vyenye gramu 8 au zaidi peni 24. Katika ile miaka miwili ya kusubiri, wazalishaji wengi walibadilisha mapishi yao ili washuke chini ya gramu 5. Watu waliendelea kunywa, lakini sukari iliyowafikia ilipungua. Kwa maoni yangu huu ndio mfano bora kwetu, kwa kuwa hautegemei mnunuzi wa mitaa yetu ya Njoro au Majengo kubadili tabia yake kwa siku moja.

Meksiko ilichukua njia ya lita: peso moja kwa lita kuanzia Januari 2014, ikapandisha bei kwa takriban asilimia 10. Ununuzi wa vinywaji vilivyotozwa ulishuka kwa wastani wa asilimia 6 mwaka huo wa kwanza, na kaya za kipato cha chini ndizo zilizopunguza zaidi.

Uwe mwaminifu kuhusu mambo yanayopimwa. Takwimu hizo ni za ununuzi na za sukari ndani ya vinywaji. Kisukari cha ukubwani hujengeka kwa miaka mingi, kina sababu nyingi, zikiwemo uzito, kutofanya kazi za mwili na urithi wa ukoo, na hakuna kodi ya soda itakayopunguza foleni ya kliniki mwaka ujao. Usiahidi hivyo. Andika kwamba, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, takriban asilimia 9 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, kisha useme kwamba sukari ya vinywaji ni sababu mojawapo ambayo Serikali inaweza kuifikia kwa sheria. Mimi huwa nampeleka mama yangu kliniki ya kisukari. Tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akiwa hajala kitu, na katika benchi lile nimekaa na watu wenye umri wa wajukuu wake. Unaweza kuandika jambo kama hilo ikiwa ni lako kweli, kwa sentensi moja au mbili, likafuatiwa na takwimu.

Jibu hoja za upande wa pili kabla hazijaulizwa

Huku kwetu, hoja ya kwanza itakuwa ya ajira. Kusini mwa Moshi kuna mashamba na kiwanda cha sukari cha TPC, ambacho familia nyingi za Arusha Chini na Langasani zinakitegemea, na mjini kuna kiwanda cha Bonite kinachojaza soda za Coca-Cola pamoja na maji ya Kilimanjaro. Mtu akikuuliza kama unataka kuua miwa ya TPC, mjibu kwa utulivu. Viwanda vya soda hutumia sukari ya viwandani iliyosafishwa zaidi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiagizwa kutoka nje, wakati viwanda vyetu vya miwa vimekuwa vikizalisha hasa sukari ya matumizi ya nyumbani, ambayo mara nyingi haijatosheleza mahitaji. Ushuru wa gramu ndani ya soda, kwa hiyo, hauingii moja kwa moja katika shamba la miwa. Kuhusu kiwanda cha soda, kumbuka kwamba kampuni inayojaza soda inajaza na maji, na kwamba ushuru wa gramu unaipa nafasi ya kupunguza sukari bila kupunguza kreti. Hata hivyo usiudharau wasiwasi wa mfanyakazi. Pendekeza kipindi cha mpito cha mwaka mmoja au miwili, kama walivyofanya Waingereza.

Hoja ya pili ni mpaka. Denmark ilitoza mafuta yaliyomo kwenye siagi, jibini na nyama kuanzia Oktoba 2011, ikaifuta kodi hiyo kuanzia mwaka 2013, na malalamiko mojawapo yalikuwa kwamba watu walivuka kwenda kununua Ujerumani. Sisi tuna Holili, na wenzetu wa Arusha wana Namanga, vituo vya mpaka wetu na Kenya. Usijibu kwa nadharia. Panda daladala hadi Holili, ulizia bei ya chupa ileile upande wa Taveta, uandike bei zote mbili pamoja na tarehe. Kenya nayo hutoza ushuru wa bidhaa kwenye soda, na kreti ya chupa za kioo ni nzito, tena chupa tupu lazima zirudi zilikotoka; ila chupa za plastiki ni nyepesi, na hapo hoja ya magendo ina nguvu kiasi. Kubali hivyo, kisha utaje kwamba vinywaji nchini tayari vina stempu za kodi za kielektroniki, ambazo afisa anaweza kuzikagua dukani.

Hoja ya tatu, kwamba kodi hii inamuumiza maskini, inahitaji moyo zaidi kuliko nyingine. Ni kweli kwamba shilingi 136 ni nyingi kwa mbeba mizigo wa soko la Mbuyuni kuliko kwa mtu wa Shanty Town, mtaa wa wenye uwezo hapa Moshi. Ni kweli vilevile kwamba kidonda cha mguu kisichopona kinamwondoa mbeba mizigo huyo kazini kabisa, na familia inauza mbuzi au kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, kulipia matibabu. Njia ya haki ni kuziunganisha pande hizi mbili katika pendekezo moja: ushuru uongezeke, na mapato yake yaonekane katika bima ya wasio na uwezo. Bila sehemu hiyo ya pili, mimi mwenyewe nisingetia saini.

Mtu anaweza pia kusema kwamba watu watahamia kwenye chai yenye vijiko vinne. Wengine watahamia. Kodi haiwezi kufika kwenye kikombe cha nyumbani, na kazi hiyo ni ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kuandika na kuwasilisha

Barua isizidi kurasa mbili. Weka anwani, tarehe, na mstari wa “Yah:” unaotaja jambo lenyewe, kwa mfano “Pendekezo la kutoza ushuru wa vinywaji kwa kiasi cha sukari.” Aya ya kwanza iseme ninyi ni nani na mnaomba nini. Aya ya pili itaje sheria na kiwango cha sasa. Hesabu ifuate, kisha ushahidi, kisha majibu ya hoja za upinzani, na mwisho maneno halisi ambayo mngependa yaingie katika jedwali la sheria: bidhaa gani, kizingiti cha gramu ngapi, shilingi ngapi kwa gramu, kuanzia lini. Waandishi wengi huacha sehemu hii ya mwisho, nayo ndiyo inayomrahisishia afisa kazi.

Muda ni jambo la kuzingatia sana. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, Waziri husoma bajeti mwezi Juni, na mapendekezo ya kodi huwa yamechambuliwa miezi mingi kabla ya hapo. Barua yetu ya kwanza ilifika Juni, baada ya hotuba, na haikuwa na pa kwenda. Nashauri barua iwe Wizara ya Fedha, Dodoma, kabla ya mwaka mpya, nakala iende Wizara ya Afya na kwa mbunge wenu. Muswada wa Sheria ya Fedha ukishatoka mwezi Juni, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Hapo mnaweza kuandika tena kwa ufupi, mkirejea kifungu kwa namba yake, ama kuunga mkono, ama kuomba kipimo kirekebishwe.

Majina na saini za wanakikundi ziwe kwenye karatasi ya viambatisho, zisijaze barua. Ukipeleka nakala kwa mkono katika ofisi ya mbunge, beba nakala ya ziada, uombe igongwe muhuri wa “imepokelewa” wenye tarehe, na uihifadhi pamoja na ile lebo ya soda mliyoanzia, kwa kuwa mkiitwa kueleza mtaulizwa kwanza zile gramu 10.6 mmezitoa wapi.